Jiwe gani linafaa mbele ya meko ya sebuleni? Niko Molo na kila mtu ananiambia lake

BintiWaTuri | Aprili 26, saa 2:40 usiku

Hamjambo wana jukwaa. Nimesoma hapa kimyakimya miaka mingi, leo nimebanwa.

Nyumba ya wazazi iko Turi, hapa Molo. Wanaoijua Molo wanaijua Julai yake, ukitoka nje asubuhi mdomo unafuka kama birika. Nyumba ni ya zamani, kuta za mawe, na sebuleni kuna meko ya ukutani. Juu ya meko kuna ubao mnene, ule mafundi wanauita manteli, Mama anauita tu rafu. Mama ana miaka 78 na kiti chake hapo hakikaliwi na mtu mwingine. Wiki jana nimeenda kumwona nikakuta upande wa chini wa ubao umekuwa makaa. Si masizi. Ukiukwaruza kwa kucha unamwagika. Nikamuuliza imeanza lini, akasema juzi tu. Juzi ya Mama inaweza kuwa miaka mitano.

Ubao utatoka, nataka kuweka jiwe la asili. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Duka moja la mawe Nakuru limenipigia hesabu ya granaiti nyeusi inayong'aa, miguu miwili ya pembeni, kizingiti cha kulala juu ya kinywa cha meko, na rafu, Sh85,000 pamoja na kufunga. Kaka yangu anataka marumaru nyeupe kwa sababu aliiona hotelini. Fundi wa hapa kijijini anasema nipige lipu nibandike tailzi zenye picha ya mawe, eti hakuna atakayejua. Si mimi nitajua!

Nina Sh50,000. Nisaidieni baridi haijafika.

FeniNambaTano | Aprili 26, saa 2:51 usiku

Nasoma hii nikiwa Kondele, Kisumu, feni iko namba tano na bado shati limeshika mgongo. Kwani kuna Wakenya wanalipa pesa ili nyumba iwe moto? Endeleeni, nimekaa na soda.

KevoWaSection58 | Aprili 26, saa 3:05 usiku

Granaiti nyeusi. Haikwaruziki kirahisi, haichakai upesi, ukipitisha kitambaa imeisha. Ongeza pesa, uzi ufungwe.

MzeeWaStima | Aprili 26, saa 3:22 usiku

Si ununue hita ya umeme tu?

BintiWaTuri | Aprili 26, saa 3:30 usiku

@MzeeWaStima Stima ya Turi ikinyesha inaenda kulala kabla yetu.

FundiNgata | Aprili 27, saa 12:15 asubuhi

Uzi usifungwe bado. Dada, mimi ni mwashi, mawe ndiyo yamenilea. Usimpe mtu pesa kabla hujanijibu haya.

Kutoka ukingo wa juu wa kinywa cha meko mpaka chini ya ule ubao ni inchi ngapi? Kinywa chenyewe kina upana gani na kimo gani? Tundu la dohani, ile njia ya kupandishia moshi, huko ndani ukiingiza futi linakupa ngapi kwa ngapi? Halafu moshi: unarudi sebuleni? Usiniambie "kidogo". Niangalilie dari iliyo juu ya meko, uniambie rangi yake.

Ubao hauungui kwa sababu ya uzee. Kuna kitu kinaupelekea joto, na ukibadilisha ubao kwa jiwe bila kukijua hicho kitu, utakuwa umekifunika tu kwa pesa nyingi.

Na hao wanaokuambia weka granaiti, wameshawahi kuibeba? Rafu ya futi 5 kwa inchi 10, unene wa inchi 4, ikiwa granaiti tupu inapita kilo 100. Hiyo haibandikwi kwa gundi. Kuna nyumba niliitwa, huko upande wa Njoro, rafu ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya lipu. Ilishikilia mwaka mzima. Siku ilipotoka ilitoka na lipu yake, ikavunja tailzi nne za sakafuni, na kiti cha mtoto kilikuwa hatua moja kando.

KakaMtu | Aprili 27, saa 2:10 asubuhi

Mimi ndiye yule kaka wa hotelini. Nimetumiwa huu uzi na binamu. Naona nimeshaanikwa.

Naomba nijitetee. Marumaru ni jiwe la heshima. Wazungu wameweka kwenye meko karne na karne. Nyumba ya Mama iko giza, weupe utafungua sebule. Nikikosea nirekebishwe kwa adabu.

MamaMkahawa | Aprili 27, saa 4:45 asubuhi

@KakaMtu shemeji, kwa adabu kabisa. Nina kimkahawa hapa Nakuru, na kaunta yangu niliweka marumaru nyeupe kwa sababu hizohizo za heshima. Wiki ya pili msichana alikata ndimu akaacha nusu imelala kifudifudi hadi asubuhi. Ilipoinuliwa pakabaki duara, ukubwa wa ndimu ileile, hapang'ai tena. Nikadhani ni uchafu. Nikasugua na siki! Mungu anisamehe. Duara likawa bakuli.

Marumaru ni jamaa ya chokaa, na asidi inaila: ndimu, siki, soda, hata juisi ya machungwa. Kwenye meko ongeza masizi, yanaingia ndani ya jiwe, si juu tu. Nilikuja kufundishwa kupaka uji mzito wa magadi ya kuokea na maji, unafunika na nailoni usiku kucha, unautoa asubuhi. Unatoa doa la mafuta na la moshi kiasi. Ule ung'avu ulioliwa haurudi mpaka fundi aje na mashine.

Nyongeza kwa dada: ukienda dukani nenda na ndimu mkobani. Omba kipande cha sampuli, dondosha tone, subiri dakika kumi, futa. Kikibaki na alama si granaiti, hata kama ni cheusi tititi na kibandiko kinasema granaiti. Kuna mawe meusi ya jamii ya chokaa yanauzwa kwa jina hilo.

KakaMtu | Aprili 27, saa 4:58 asubuhi

Nimerekebishwa.

BintiWaTuri | Aprili 28, saa 1:30 usiku

Nimepima, Mama ameshika tochi huku akinilaumu kwa kumwaga masizi kwenye zulia.

Kutoka kinywa hadi ubao: inchi 4. Kinywa: upana inchi 36, kimo inchi 30. Tundu la dohani: 9 kwa 9. Dari iliyo juu ya meko ni nyeusi kama sufuria ya shule ya bweni. Na nimegundua jambo. Mama akiwasha moto anafungua dirisha kwanza, kila siku, tangu nikiwa mdogo. Nilidhani anapenda hewa.

Jiwe la sakafuni mbele ya meko limetokeza inchi 17, kisha zulia linaanza.

FundiNgata | Aprili 28, saa 2:20 usiku

Sasa tunaongea. Mama yako ndiye fundi hapo, dirisha ni dawa aliyoivumbua mwenyewe.

Chukua kikokotoo. Kinywa ni 36 mara 30, inchi za mraba 1,080. Tundu la dohani ni 9 mara 9, yaani 81. Tundu la mraba linatakiwa liwe angalau sehemu moja ya kumi ya kinywa. Kwenu lilipaswa kuwa 108. Meko yenu yana kinywa cha kiboko na koo la mbuzi. Moshi unaozalishwa hauwezi kupita wote, unaobaki unatokea mbele, unapanda ukilamba ule ubao, unaishia darini.

Halafu ubao wenyewe. Kanuni za ujenzi za Marekani, ambazo mimi huzifuata kwa kazi za meko, haziruhusu mbao ndani ya inchi 6 kutoka kwenye kinywa. Wewe una 4. Kati ya inchi 6 na 12 wanaruhusu, lakini ubao usichomoze zaidi ya moja ya nane ya inchi kwa kila inchi ya umbali. Ubao ulio inchi 8 juu ya kinywa unaruhusiwa kuchomoza inchi 1. Hapo huwezi kuweka hata kikombe.

Jiwe haliungui, hizo hesabu za mbao hazilihusu. Ila kuna jambo zuri zaidi ambalo jiwe linaweza kukufanyia na hakuna aliyelitaja. Nitarudi, nina mteja.

FeniNambaTano | Aprili 28, saa 2:26 usiku

Omera usituache hapo! Soda imeisha nimeagiza nyingine.

Mulogoli_Asili | Aprili 29, saa 9:12 usiku

Niko zamu, sina usingizi, wacha niongeze la kwetu.

Sisi Wamaragoli tumezaliwa juu ya granaiti. Ukitoka Kisumu kupanda kuja Vihiga unayaona mawe yamekaa juu ya mawe mpaka unaogopa kupita chini. Ami yangu alikuwa akivunja kokoto za kuuza. Jiwe likiwa kubwa kama matatu, nyundo inaruka tu inakurudia mkononi. Wanachofanya ni kupanga kuni juu yake, siku hizi hata magurudumu ya gari (moshi wake usiuombe), wanawasha jioni, wanaenda kulala. Usiku nikiwa mtoto nilikuwa nasikia kutoka kitandani: ta! Kimya. Ta! Asubuhi tabaka la juu limejiinua kama ganda la chapati iliyopikwa vizuri. Unaingiza mtaimbo, linatoka pande zima.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema granaiti haiogopi moto nacheka kidogo. Lile jiwe ni mchanganyiko wa chembe za aina tofauti, kila aina inavimba kivyake ikipata joto. Na zile chembe zinazong'aa kama kioo, kwatsi, zikifika nyuzi 573 za Selsiasi zinabadilika umbo na kuvimba kwa mkupuo. Ndiyo ile ta!

Simaanishi rafu ya Mama itafika joto hilo. Haitafika. Lakini granaiti isiingie mahali ambapo ulimi wa moto unaigusa kila siku, na asiwepo mtu wa kumwaga maji kwenye jiwe lililo moto. Mawe ya mtoni ndiyo kabisa usiyalete, yana maji ndani, yanaruka vipande.

KevoWaSection58 | Aprili 29, saa 1:50 asubuhi

Sasa granaiti yangu imekuwa shetani?

MwanaTabaka | Aprili 29, saa 3:15 asubuhi

Hamjataja jiwe la sabuni na mimi nipo hai? Tabaka, kaunti ya Kisii, ndiko kiini chake. Kuna jeupe, la waridi, la kijivu, na lenye mawingu ya rangi zote. Linakatwa kwa msumeno wa kawaida, unalisugua na msasa ndani ya beseni la maji, likikauka unalipaka nta na kulifuta mpaka uone uso wako. Mtu wa kuchonga anaweza kukuwekea kizingiti chenye majani ya chai au pareto ya Molo yenyewe.

Lakini niseme ukweli hata kama biashara ni yetu. Ni laini. Msumari unaandika jina juu yake. Kama Mama anaweka birika na sufuria kwenye rafu, mwaka mmoja tu itakuwa na mikwaruzo kama ubao wa kukatia sukuma. Pia watu wanasoma kwamba Ufini wanajenga majiko makubwa ya jiwe la sabuni, yanashika joto usiku kucha, wakadhani kila jiwe lenye jina hilo ni ndugu. Usilichukulie la Tabaka hivyohivyo. Omba kipande, kikauke kabisa, kiweke kando ya moto saa nzima, uone kama kinapasuka au kinageuka rangi. Kwa pambo la katikati ya kizingiti, mbali na ndimi za moto, ni zuri sana. Kwa rafu ya kazi, hapana.

MtotoWaKwari | Aprili 29, saa 6:40 mchana

Dada, uko Molo, na Njoro iko hapo chini yako. Kwa nini mawe yasafiri kutoka mbali?

Nimekulia kando ya kwari upande wa Njoro. Lile jiwe ni majivu ya volkano yaliyoshindiliwa, ndiyo maana lina vinyweleo na ni jepesi kuliko granaiti. Moto haulisumbui sana. Halishangazi macho likiwa bichi, kijivu cha uji wa wimbi, lakini likichongwa na mtu anayejua tindo linakuwa na uso ambao mashine haiwezi kuiga. Mmeshaona nyumba za reli za zamani? Mnatembea kando yake kila siku.

Makosa ya watu ni kununua lori lililopita barabarani. Nenda kwari mwenyewe. Gonga kila jiwe kwa nyundo ndogo: zuri linalia ngo!, bovu linasema bu. Angalia kama lina madoa ya mawe mepesi kama sponji, hayo yanadondoka ukilichonga na kuacha mashimo. Kisha mwagia maji kidogo. Yakinywewa mara moja kama mchanga, acha. Yakikaa juu kidogo kabla ya kuzama, chukua. Na likitoka kwari lina unyevu, kaa nalo chini ya paa wiki tatu nne kabla ya kulipeleka karibu na moto.

Ubaya wake ni huo huo wa vinyweleo: masizi yakiingia yameingia. Lipake ile dawa ya kuzuia maji ya mawe, isiyong'aa, upande wa nje tu.

Mgeni_7741 | Aprili 29, saa 7:05 mchana

Mawe ya Mazeras je? Au Galana? Naona wengi wanabandika ukutani yanapendeza.

FundiNgata | Aprili 29, saa 3:30 usiku

@Mgeni_7741 Yanapendeza nje ya nyumba na kwenye nguzo za geti. Ni vipande vyembamba vya kubandika, na gundi nyingi za kubandikia hazikuumbwa kwa joto la meko. Tena yanatoka Pwani, nauli peke yake ingenunua mawe yote ya Njoro anayohitaji.

Sasa niwamalizie lile la jana.

Tatizo ni kinywa kikubwa. Dohani hatuwezi kuipanua bila kubomoa ukuta hadi paani. Lakini kinywa tunaweza kukipunguza, na kinachokipunguza ni lilelile jiwe ambalo dada anataka kuweka. Miguu ya jiwe iingie inchi 2 kila upande, upana unabaki 32. Kizingiti cha jiwe kishuke inchi 5, kimo kinabaki 25. 32 mara 25 ni 800. Moja ya kumi ni 80, na tundu ni 81. Koo limetosha.

Faida ya pili: kizingiti kikishuka inchi 5, rafu iliyokuwa inchi 4 juu ya kinywa sasa iko inchi 9. Ya tatu: kinywa cha 1,080 kilikuwa kinahitaji sakafu ya jiwe inchi 20 mbele yake, na Mama ana 17, zulia liko ndani ya eneo la cheche. Kinywa cha chini ya inchi za mraba 864, yaani futi 6 za mraba, kinahitaji inchi 16. Zulia limepona.

Sasa jiwe gani, maana hicho kizingiti na ile miguu vinaingia kwenye moto kweli. Mulogoli amesema vizuri, si granaiti hapo. Njoro. Nyuma yake mstari wa matofali ya moto, yale yanayostahimili joto kali, na chini ya kizingiti chuma cha engo (chenye umbo la L) kilichokaa kwenye mawe ya ukuta pande zote mbili. Chuma kisibanwe kwenye ncha, kiachiwe nafasi ndogo, kwa sababu kikipata moto kinarefuka, na kisipopata pa kurefukia kinasukuma jiwe mpaka lipasuke. Hii ndiyo nyufa nyingi mnazoziona kwenye kona za meko.

@KevoWaSection58 granaiti yako si shetani, ina kiti chake. Rafu. Pale haiguswi na moto, na ndipo birika linawekwa. Ila usinunue pande la inchi 4. Nenda kwa watu wanaokata kaunta za jikoni, uliza mabaki. Kaunta ni unene wa milimita 20 au 30. Kipande cha futi 5 kwa inchi 10 cha milimita 20 ni kama kilo 21. Kinakaa juu ya jiwe la Njoro, hakihitaji kushikiliwa na gundi wala maombi.

Ukipata nafasi, pitia Kasri la Lord Egerton hapa Ngata, lilianza kujengwa 1938 likamalizika 1954. Mwambie fundi wako aangalie viungo kati ya mawe. Akikuuliza "viungo viko wapi?", hapo umepata fundi.

MuuguziZamu | Aprili 30, saa 12:05 asubuhi

Kwa wasomaji wengine wa nyanda za baridi: msiige kwa kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa ni sumu na haina harufu. Tunawapokea asubuhi. Na wenye meko wapangusishe dohani kila mwaka.

Mulogoli_Asili | Aprili 30, saa 1:20 asubuhi

Kuni mnatoa wapi huko? Tangu ile marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 nasikia Molo kuni zilikuwa dhahabu.

BintiWaTuri | Aprili 30, saa 1:45 asubuhi

@Mulogoli_Asili mikaratusi yetu wenyewe kwenye mpaka wa shamba. Mama hupasua Januari ili zikauke. Mwaka jana aliuguza goti, zikachomwa mbichi. Nadhani lile makaa la ubaoni lina historia hapo pia.

Fundi Ngata, nimeandika hesabu yako nyuma ya kalenda. Nitarudi.

FundiNgata | Aprili 30, saa 2:00 asubuhi

Kuni mbichi zinajaza dohani lami nyeusi, nayo ikishika moto inawaka ndani ya dohani. Pangusa kabla sijafika. Ndiyo, nimesema kabla sijafika. Nitumie ujumbe wa faragha.

KevoWaSection58 | Juni 2, saa 3:00 usiku

Jamani hii ilikwisha vipi?

BintiWaTuri | Julai 13, saa 2:15 usiku

Samahanini kwa kukawia. Kaeni vizuri, ni ndefu.

Tulianza na dohani. Kijana alipanda paani na gunia lililofungwa mawe kwenye kamba. Kilichoanguka ni debe mbili za masizi na kiota cha ndege kizima, kina manyoya na waya wa simu. Mama akasema ndiyo maana.

Kwari nilienda mwenyewe na nyundo ya kuvunjia makaa. Vijana walinicheka nilipoanza kugonga. La tatu likalia bu, nikaliweka kando. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye kivuli akaniambia, "Wewe umefunzwa na nani?" Baada ya hapo alinichagulia mwenyewe. Mawe kumi na mawili ya 9 kwa 9, na moja refu la kizingiti lililokatwa kwa oda. Yalikaa kwenye banda la ng'ombe wiki nne. Ng'ombe hakufurahia.

Granaiti niliipata kwa watu wa kaunta, kipande kilichobaki baada ya jikoni la mtu, futi 5 na nusu, kona moja imevunjika. Nilidondosha ndimu mbele ya muuzaji. Akanikazia macho kama nimemwagia uchawi. Haikuacha alama. Sh7,000. Kona iliyovunjika tumeielekeza ukutani, haionekani.

Fundi Ngata alifanya kazi siku tano. Siku ya pili alichonga mguu wa kushoto akaushusha, akaweka pima maji, akakaa kimya, kisha akautoa wote nje. Mimi sikuona kosa. Akaniita, akaisimamisha sarafu ya shilingi moja juu ya jiwe, ikabingirika. Ukuta wa zamani ndio ulikuwa umelala, si jiwe lake. Alichonga upya ule mguu ukiwa mnene juu na mwembamba chini kwa unene wa kidole kidogo, na sasa ukisimama mbele unaona mstari ulionyooka, ingawa ukuta nyuma bado umelala kama alivyouacha Mwingereza. Mwanya wa nyuma aliujaza na udongo unaostahimili moto.

Kila kitu pamoja na usafiri, matofali ya moto, chuma, fundi na msaidizi wake: Sh46,300. KakaMtu alichangia mafuta ya pikapu, kwa hiyo marumaru haitajwi tena.

Tuliambiwa tusiwashe wiki nne. Mama alihesabu siku kama mtu wa jela. Kisha vijiti tu, nusu saa, siku tatu. Kisha kuni mbili. Wiki jana tukawasha moto kamili. Nilisimama mlangoni nimeangalia dari, nikisubiri. Moshi ulizunguka mara moja ndani, ukapata njia, ukaondoka. Mama aliinuka kufungua dirisha. Amelifungua. Nimemwambia halihitajiki, akaniambia nimwache, ameshazoea.

Ukiweka mkono juu ya rafu, ni vuguvugu tu. Birika, redio, miwani na Biblia viko juu.

Ila nina swali, na ndilo limenirudisha. Leo nikipangusa nimeona mstari mwembamba kama unywele kwenye kona ya kulia, pale kizingiti kinapokutana na mguu. Urefu wake ni kama kiungo kimoja cha kidole. Haupo kwenye jiwe, uko kwenye simiti ya kiungo. Niogope?

FeniNambaTano | Julai 13, saa 2:19 usiku

Miezi miwili na nusu nimesubiri hii. Kisumu bado ni joto.

MtotoWaKwari | Julai 13, saa 2:40 usiku

Yule mzee wa kivulini ni baba yangu mdogo. Alitusimulia kuna mama alikuja kugonga mawe.

FundiNgata | Julai 13, saa 4:05 usiku

Usiogope, na usipake kitu. Huo kwa maelezo yako ni simiti iliyojikunja ikikauka, au chuma kinatafuta nafasi yake msimu wa kwanza. Ukiwa hapo tu haunisumbui. Ukitembea kuingia kwenye jiwe, huo ni mwingine.

Chukua penseli. Weka alama ndogo pale mstari unapoishia, pande zote mbili, andika tarehe kando. Washa moto kama kawaida mpaka mwisho wa Agosti. Mstari ukivuka alama nipigie, nitakuja kuachia ile ncha ya chuma, kazi ya asubuhi moja, sitakutoza.

BintiWaTuri | Julai 14, saa 1:10 asubuhi

Nimeweka. Mama ameuliza kwa nini ninaandika kwenye ukuta wake mpya.